Kuchora na Kuchorachora: Uradidi wa Kitenzi na Furaha ya Mkono wa Msanii

Utangulizi

Kiswahili kina vitenzi viwili vya kazi ya mkono ulioshika kalamu: kuchora na kuchorachora. Cha kwanza kina heshima zake. Kimezaa mchoro, mchoraji na uchoraji. Kina nafasi yake katika mafunzo ya shule na vyuo, na wanaokifanya kuwa kazi hulipwa ujira. Cha pili hakina mtoto hata mmoja. Hakuna mchorachoro wala mchorachoraji, na mara nyingi kitenzi hiki kinaposikika huwa ni katika makaripio: mtoto amechorachora daftari, wahuni wamechorachora ukuta.

Hata hivyo, wachoraji wenyewe, wakubwa kwa wadogo, hutumia sehemu kubwa ya maisha yao katika jambo hili la pili. Huchora pembezoni mwa gazeti, nyuma ya bahasha, katika daftari dogo la mfukoni. Huchora bila kuagizwa na mtu, bila kukusudia kuuza, na mara nyingi bila kujua kalamu inakwenda wapi. Ukimwuliza mmoja wao saa zake zenye raha zaidi ni zipi, yumkini atataja saa hizo, wala si zile za kumalizia picha ya mteja. Makala haya yanakusudia kueleza jambo hilo kwa kuanzia na neno lenyewe. Hoja yake ni kwamba furaha ya kuchorachora na lawama inayoiandama zina chanzo kimoja, nacho kimo katika umbo la kitenzi: hiki ni kitendo kilichoondolewa mwisho wake.

Kitenzi na uradidi wake

Wanafunzi wa sarufi hufundishwa mapema kwamba kuradidi kitenzi ni kukiongezea nguvu. Kauli hiyo ni nusu ya ukweli. Aliyekata kamba ameitenga vipande viwili. Aliyeikatakata ameiacha vipande vingi visivyofaa kitu. Hali ni hiyo hiyo katika kuvunjavunja, kuchanachana na kupondaponda. Lakini mtu anayetembeatembea hatembei zaidi ya yule anayetembea. Pengine anatembea kidogo kuliko yeye. Anayeimbaimba jikoni haimbi kwa sauti kubwa kuliko mwimbaji wa taarabu jukwaani. Katika vitenzi vya namna hii uradidi haukuongeza uzito wa tendo, bali umeupunguza. Umelinyima tendo shabaha, likabaki likijizungukia lenyewe.

Tofauti hii haikutokea ovyo. Vitenzi vya kundi la kwanza vina mwisho ndani yake: kamba ikishakatika, tendo limekwisha, na kulirudia ni kuuzidisha mwisho huo. Vitenzi vya kundi la pili havina mwisho wa lazima. Kutembea hakukomi kwa sababu ya maana yake. Hukoma mtembeaji anapofika au anapochoka. Ukiradidi kitenzi kama hicho unaondoa hata lile lengo ambalo mtendaji angeweza kujiwekea.

Kuchora ni kitenzi kinachosimama na mguu mmoja upande huu na mwingine upande ule, na hapo ndipo utamu wake ulipo. Kinapopewa yambwa huwa na mwisho: mtu huchora ramani, akaimaliza. Kisipopewa yambwa chaweza kuendelea siku nzima. Sasa kikiradidiwa hutokea jambo la ajabu ambalo kamusi hazijalitilia maanani vya kutosha. Linganisha sentensi mbili. Katika 'Juma amechora nyumba', nyumba ni kitu kilichotokea kwenye karatasi. Katika 'Juma amechorachora nyumba', msikilizaji haoni picha ya nyumba. Anaona kuta zilizotiwa mkaa na mwenye nyumba aliyekasirika. Uradidi umeifukuza picha kutoka nafasi ya yambwa, na nafasi hiyo imetwaliwa na kitu ambacho juu yake mistari ilipita. Vivyo hivyo daftari, mlango, meza na hata mkono wa mtoto huchorwachorwa. Simba, mti au uso wa mama hauchorwichorwi, huchorwa.

Lawama iliingilia mlango huu. Picha ikiondoka, kinachobaki machoni pa watu ni uso ulioguswa, na uso wa kitu aghalabu ni mali ya mtu. Ushahidi ni kwamba lawama yenyewe hupungua mara tu kitu hicho kinapotolewa katika nafasi ya yambwa na kupewa kiambishi cha mahali. 'Amechorachora daftari' ni mashtaka. 'Anachorachora daftarini' ni maelezo tu ya mtu aliyejikalia zake. Kalamu ni ile ile na karatasi ni ile ile. Kilichobadilika ni swali linaloulizwa, yaani ameharibu nini, au yuko wapi na anafanya nini.

Jambo jingine linalofaa kukumbukwa ni umri wa neno. Kuchora hakukuanza na kalamu. Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyotolewa mwaka 1939 chini ya uhariri wa Frederick Johnson inatanguliza maana ya kuchonga na kutia nakshi, na mafundi wa milango ya Lamu na Unguja wangalilielewa neno hilo kwanza kwa patasi, kisha ndipo kwa wino. Ndani ya kuchora, basi, kuna kukwaruza: chombo kikali kinapita juu ya kitu na kukiachia alama.

Kuta za pwani zina ushahidi wa kukwaruza huko, na si kwa mafundi peke yao. Katika magofu ya miji ya kale kama Kilwa, Songo Mnara na Gedi, watu wasiojulikana majina walichora vyombo vya baharini kwa ncha kali juu ya lipu. Peter na Margaret Garlake walivikusanya na kuvieleza katika utafiti waliouchapisha mwaka 1964, na michoro hiyo imekuwa ushahidi wenye thamani kwa wanaotafuta habari za mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba badala ya kupigiliwa misumari. Mombasa nako, katika Ngome ya Yesu ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, umehifadhiwa ukuta uliojaa merikebu, samaki na watu, kwa rangi nyeusi na nyekundu, kazi inayodhaniwa kuwa ya askari au mabaharia. Haielekei kwamba kuna aliyewaagiza. Mwenye nyumba wa Gedi, kama aliiona jahazi ile ukutani mwake, bila shaka alisema kwamba ukuta umechorachorwa. Leo wataalamu hupiga magoti mbele yake na taa.

Mzee wa Edo

Kuta hazisemi aliyechora alikuwa nani wala alichora mara ngapi. Ili kuifahamu tabia hii kwa undani yafaa kumtazama mchoraji ambaye maisha yake yameandikwa na ambaye karatasi zake za kila siku zimesalia. Hakuna mfano bora kuliko Katsushika Hokusai, Mjapani aliyezaliwa mwaka 1760 katika Edo, mji ambao sasa ni Tokyo, na kufariki mwaka 1849. Ulimwengu unamjua kwa picha moja ya wimbi kubwa lililoinuka juu ya mashua, na mlima Fuji ukionekana mdogo kwa mbali, kazi ya mnamo mwaka 1831. Lakini wimbi hilo lilitanguliwa na miongo kadhaa ya kuchorachora.

Mwaka 1812 Hokusai alikuwa safarini Nagoya, akikaa nyumbani kwa mwanafunzi wake Maki Bokusen. Huko alichora vipicha vipatavyo 300 vya kila kilichomjia: wapiga mieleka, ndege, majani, mapaa ya nyumba, mizimu, mawimbi. Mwaka 1814 vilitolewa kitabu mjini humo kwa jina la Hokusai Manga. Kilikusudiwa kuwa kitabu kimoja. Kikapendwa, kikafuatwa na kingine na kingine, hata vikafika 15, na cha mwisho kilitoka mwaka 1878, karibu miaka 30 baada ya mwenyewe kufariki. Vipicha vyote kwa pamoja hukadiriwa kufikia elfu kadhaa.

Jina hilo lina jambo la kumvutia mwanaisimu. Msomaji wa Kiswahili asilichanganye na Manga ya Wamanga, ya pilipili manga na komamanga, ambayo ni Uarabuni. Manga ya Kijapani imeundwa kwa maumbo mawili. La pili maana yake ni picha. La kwanza huleta maana ya kitu kisichozuiwa, kinachokwenda kitakako, bila mpango. Kwa Kiswahili pengine neno la karibu zaidi ni ovyoovyo, ambalo nalo, kama kwa kusudi, limeradidiwa. Hokusai hakulibuni neno hilo, wala yeye hakulitumia kwa maana ya hadithi za katuni linazobeba siku hizi. Alichukua neno la lugha yake lililosema kile ambacho Kiswahili hukisema kwa kurudia mzizi. Tofauti ni kwamba Wajapani walikitia kitendo hicho katika nomino, wakaiandika juu ya jalada la kitabu na kukiuza.

Hapa lazima jambo moja lisemwe wazi, kwa sababu waandishi wengi hulipita. Manga ya Hokusai, kama inavyoonekana katika kitabu, si kuchorachora halisi. Ni kuchorachora kulikotiwa sabuni na kuvalishwa nguo za kutokea. Kitabu kilikuwa na kazi ya kufundishia; wanafunzi walikinunua ili waige. Aidha, katika uchapaji wa Kijapani wa wakati huo mchoraji hakuchapa picha yake mwenyewe. Mchoro safi ulioandaliwa kwa wino juu ya karatasi nyembamba ulibandikwa kifudifudi juu ya ubao wa mti wa cheri, kisha mchongaji akapita na kisu juu ya kila mstari, akiondoa ubao pembeni na kuuacha mstari umesimama. Kisha mpiga chapa akatia wino. Katika kazi hiyo karatasi ya mchoraji iliharibika kabisa. Kila picha ya Hokusai iliyochapishwa kwa ubao ina maana ya mchoro mmoja uliokufa, na ule wepesi wa mkono unaosifiwa katika Manga ni wepesi ulioigwa, kwa ustadi mkubwa, na mtu mwenye kisu. Mswahili wa kale angalisema kwamba picha hizo zilichorwa mara mbili, kwa maana zote mbili za neno hilo.

Kutokana na utaratibu huo kumezuka hali ya kushangaza: michoro ya mkono wake iliyosalia ni hasa ile ambayo haikutumika. Mwaka 2020 Jumba la Makumbusho la Uingereza, London, lilipata michoro yake midogo 103 iliyoandaliwa kwa ajili ya kitabu kikubwa cha picha za kila kitu. Kitabu hicho hakikuchapishwa, na kwa sababu hiyo hakuna kisu kilichopita juu ya karatasi zake. Kazi iliyofanikiwa ilitoweka. Iliyoshindwa kufika mwisho wake ikabaki. Kwa mtu anayetafuta furaha ya mkono, si ya soko, bahati hii ni kubwa.

Simba wa kila siku

Furaha hiyo inaonekana bila pazia katika karatasi nyingine, zile za miaka 1842 na 1843. Hokusai alikuwa ameshapita umri wa miaka 80. Mwaka 1839, kwa mujibu wa habari za maisha yake, nyumba yake iliungua, na akiba ya michoro aliyoikusanya tangu ujanani ikateketea. Mke wake alikuwa amefariki zamani, mwaka 1828. Aliishi na binti yake Oi, ambaye naye alikuwa mchoraji hodari, na fedha hazikuwahi kukaa katika nyumba hiyo. Katika hali hiyo alianza kuchora simba mmoja kila siku.

Si simba wa Serengeti. Japani haina simba wa mwituni, na huyu ni simba wa jadi iliyotoka Uchina, mwenye manyoya yaliyojikunja, ambaye huwekwa mlangoni kufukuza mabaya. Michoro hiyo huitwa kwa jina lenye maana ya kufukuza pepo kila siku, kwa hiyo ilikuwa na kazi ya hirizi. Zaidi ya karatasi 200 zimesalia, nyingi zikiwa zimeandikwa tarehe. Ni wino tu, mistari michache iliyovutwa haraka. Simba mmoja anakimbia, mwingine anacheza; mahali pengine si simba bali mtu aliyejifunika kinyago cha simba, anacheza ngoma. Inasimuliwa kwamba mzee alipomaliza alizikunjakunja karatasi na kuzitupa nje, na kwamba wengine ndio waliozihifadhi. Iwe ni kweli au ni chumvi ya wasimulizi, kisa hicho kinakubaliana na sura ya michoro yenyewe: haikungoja mtu.

Msomaji makini ataleta pingamizi. Imekwisha kusemwa hapo juu kwamba simba hachorwichorwi, huchorwa. Je, mzee huyu aliyechora simba, tena kwa kusudi la kinga, alikuwa akichorachora? Jibu liko katika kipimo kinachotumika. Simba wa siku moja alichorwa: ana kichwa, ana mkia, amekamilika. Lakini simba wa siku moja hakuwa ndiyo kazi. Kazi ilikuwa kesho kuchora mwingine, na kazi hiyo haikuwa na simba wa mwisho ambaye akishachorwa, basi pepo wamekwisha. Uradidi uliokosekana ndani ya kila karatasi umehamia katika kalenda. Waislamu wa pwani wana neno uradi, yaani dua na maneno matakatifu yanayosomwa kila siku kwa utaratibu. Uradi na uradidi, ingawa masikioni ni ndugu, hazina mzizi mmoja katika Kiarabu. Lakini kwa mzee huyu wa Edo maneno hayo mawili yangaliweza kukaa jamvi moja. Hakuna asomaye uradi ili aumalize.

Yafaa pia kujihadhari na picha ya mzee mwenye furaha isiyo na kivuli. Hokusai mwenyewe, katika maneno aliyoyaambatisha kwenye kitabu chake cha mandhari mia za Fuji cha mwaka 1834, alidai kwamba yote aliyoyachora kabla ya miaka 70 hayakustahili kutajwa, na kwamba akifika miaka 110 kila nukta na kila mstari wake ungekuwa na uhai. Iijima Kyoshin, aliyeandika maisha yake mwaka 1893, ameleta kisa kingine. Oi alimwambia mwanafunzi mmoja kwamba baba yake amekuwa akichora kila siku tangu utotoni, na hata hivyo, akiwa mkongwe, siku moja aliiweka brashi chini na kulia kwamba hawezi kuchora hata paka. Visa hivi viwili ni vya mtu anayepima, na apimaye hupungukiwa daima. Ni kuchora, kwenye ncha yake inayouma. Simba wa kila asubuhi hawana kipimo hicho. Hakuna simba kati yao anayejaribu kuwa bora kuliko wa jana. Wengine ni wazuri, wengine ni wa hivi hivi, na tarehe inapita. Mtu mmoja alikuwa na vitenzi vyote viwili, na ni dhahiri kipi kati ya hivyo kilimwezesha kuamka.

Vipande vya gerezani

Mtu aweza kusema kwamba Hokusai alikuwa na karatasi tele na uhuru wa kuzitupa. Ibrahim El-Salahi hakuwa navyo. Mchoraji huyo, aliyezaliwa Omdurman, Sudan, mwaka 1930, na kusomea sanaa London katika miaka ya 1950, alitiwa gerezani Khartoum mwezi Septemba 1975 bila kufikishwa mahakamani, akakaa humo karibu miezi sita. Kalamu na karatasi zilipigwa marufuku. Aliyekutwa nazo aliadhibiwa kwa kufungiwa peke yake. Alichora hata hivyo, juu ya vipande vidogo vya karatasi alivyoviokota, na walinzi walipokaribia alivifukia mchangani.

Kwa sarufi iliyoelezwa hapo awali, hali hii imegeuza kila kitu. Kule nyumbani, uso unaochorwachorwa ni mali ya mtu, na mchoraji ndiye mvamizi. Gerezani uso wenyewe ndio uliokuwa haramu. Wala mchoraji hakuweza kuhesabu kwamba kipande hicho kitaonwa na mtu, kitatundikwa au kitauzwa. Kwa kukifukia alikuwa amekwisha kukitenga na mwisho wowote. Kilichobaki ni muda wa mkono kupita juu ya karatasi. Kama muda huo haukuwa na malipo yake yenyewe, mtu mwenye akili timamu asingehatarisha adhabu kwa ajili yake.

Baada ya kutoka, mwaka 1976, El-Salahi alijaza daftari zima kwa wino kukumbuka siku hizo. Kazi zake kubwa za baadaye nazo zilishika mazoea ya gerezani: kipande kimoja kidogo huwa mbegu, kikaunganishwa na cha pili na cha tatu mpaka picha ikaenea ukuta. Katika uzee wake, akiwa Oxford na akisumbuliwa na maumivu ya mwili, alirudi tena kwenye udogo. Alichora kwa kalamu nyuma ya bahasha na juu ya maboksi ya dawa alizokuwa akimeza, na michoro hiyo ikaonyeshwa hadharani kwa jina lenye maana ya kituliza maumivu. Boksi la dawa lina kazi moja, na likiisha hutupwa. Mikunjo yake, pembe zake na matundu yake ndivyo vilivyoamua mstari uanzie wapi.

Tatizo la istilahi

Yaliyoelezwa hapa yana matokeo kwa watunga istilahi na walimu. Katika kutafuta neno la mchoro mwepesi wa msanii, wafasiri wengi hukimbilia rasimu, au mchoro wa awali. Rasimu ina asili njema: katika Kiarabu mzizi wake ni wa kuchora hasa. Lakini ilipokwisha kukaa katika Kiswahili ilijifunga na mambo yanayongojea: rasimu ya hotuba, rasimu ya sheria, rasimu ya katiba. Kila rasimu hutazama mbele, kwenye kitu kamili kitakachoifuta. Ni istilahi sahihi kabisa kwa mchoro ambao mchongaji wa Nagoya aliubandika ubaoni na kuula kwa kisu. Kwa simba wa mwaka 1842 si sahihi, maana hawakuwa rasimu ya simba yeyote. Kwa boksi la dawa ni kichekesho.

Mchoro wa haraka nao ni jina linalopima kwa saa. Baadhi ya michoro ya namna hii huchukua jioni nzima, na ipo michoro ya mikataba mikubwa iliyofanywa mbiombio kwa sababu mteja yuko mlangoni.

Kiswahili chaweza kuunda nomino kutokana na uradidi pale kinapotaka. Kigeugeu na kizunguzungu ni ushahidi. Kwa kuchorachora hakikutaka, na huenda ni vyema kikaachwa hivyo, kwa sababu nomino ingeurudisha mchoro kuwa kitu chenye kikomo. Kitenzi-jina chenyewe chatosha: daftari la kuchorachora, saa ya kuchorachora, maonyesho ya kuchorachora kwa fulani. Wanaotunga kamusi wanachodaiwa ni kukipa kitomeo chake badala ya kukificha chini ya chora, na kuonyesha ndani ya kitomeo hicho matumizi mawili yasiyo sawa: lile la yambwa, ambalo ni la kulaumu, na lile la mahali, ambalo halina lawama. Mwalimu anayeandika katika ripoti kwamba mtoto anachorachora darasani ametumia la pili, hata kama alikusudia la kwanza.